Nilivyochagua nakala ya Winchester 1873: mtambo kwanza, rangi baadaye

Ukiuliza watu wakusaidie kuchagua nakala ya bunduki ya kale ya leva kama Winchester 1873, yaani ile inayopakia risasi ukizungusha kishikio kilicho chini yake, wengi watakuanzia na sura: fremu, yaani mwili wa chuma unaobeba mtambo, iwe na mawimbi ya buluu na kahawia, kitako kiwe cha mti wa jozi unaong'aa. Ushauri huo ndio uliojaza makabati bunduki nzuri zinazokwama kwenye risasi ya tatu. Mimi natumia yangu hapa Texas, kwenye mashindano ya shabaha ya kikauboi, yale yanayofuata kanuni za Single Action Shooting Society, chama cha mchezo huo. Nilipoingia dukani nilikuwa na rula mbili, tochi ndogo na mfuko wa risasi bandia, nikatoka na bunduki ambayo hadi leo sijaona sababu ya kuibadilisha.

Nianze na ushauri mbaya kuliko yote, maana unaweza kumharibia mtu maisha. Niliambiwa, tena na mtu mzima, "Hiyo ni ya kale ndugu yangu, haihitaji makaratasi." Si kweli. Sheria ya Marekani inahesabu kuwa ya kale bunduki iliyotengenezwa mwaka 1898 au kabla. Nakala iliyotoka kiwandani juzi na inayopiga risasi za kawaida zinazouzwa dukani ni silaha kama silaha nyingine yoyote: unajaza fomu ya serikali namba 4473 kwa muuzaji mwenye leseni na unakaguliwa rekodi zako. Mwenye kadi ya ukaazi wa kudumu anaruhusiwa kununua. Aliye hapa kwa viza ya muda, ya masomo au ya kazi, kwa kawaida haruhusiwi, na kuna misamaha michache tu. Jambo hili liulize kabla hujagusa hata bei.

Sasa modeli. Henry ya 1860, iliyotangulia Winchester, inavutia, lakini haina mbao chini ya mtutu, kwa hiyo baada ya risasi kadhaa mkono wa kushoto unaungua. Isitoshe, tyubu yake ya kuwekea risasi iliyo chini ya mtutu ina mfereji ulio wazi kwa chini, na kile kishikio kinachosukuma risasi kinateleza kurudi nyuma mpaka kinagonga vidole vyako, ikabidi uhamishe mkono katikati ya kufyatua. Winchester ya 1866 ilitibu hayo: ikawekewa mlango wa kujazia ubavuni, tyubu ikafungwa, mbao zikaongezwa. Ya 1873 ikaja na fremu ya chuma na risasi yenye fataki, kile kinachowasha baruti, katikati ya ganda. Ya 1892, aliyoibuni mbunifu wa silaha John Moses Browning, ni mtambo mwingine kabisa: fupi, nyepesi, na bolti yake, chuma kinachofunga nyuma ya risasi, inafungwa kwa vyuma viwili vinavyopanda wima. Ukitaka kupiga risasi zenye nguvu, nenda kwenye 1892. Nilichagua 1873 kwa ulaini wa leva yake, na kwa sababu ukitoa skrubu moja tu ya ubavuni, sahani zote mbili zinatoka na mtambo mzima unauona.

Kuhusu watengenezaji sina maneno mengi. Nakala nyingi za 1873 zinatoka Italia, mji wa Gardone Val Trompia, ambako Aldo Uberti alianza kazi mwaka 1959. Marekani utaziona zikiuzwa kwa majina ya waagizaji kama Cimarron au Taylor's, ilhali kiwanda ni kilekile cha Uberti. Zenye jina la Winchester lenyewe siku hizi zinatengenezwa Japani na Miroku. Kwenye bunduki ya Italia tafuta alama za kituo cha serikali cha kupimia silaha, na karibu nazo kijisanduku chenye herufi mbili. Herufi hizo ni msimbo wa mwaka iliyopimwa. Muuzaji akikwambia ni ya mwaka jana, linganisha.

Kwenye kaliba, yaani ukubwa wa risasi, ndiko watu wanakopotoshwa zaidi. Utasikia, "Chukua .45 Colt, ndiyo ya Magharibi ya kweli." Bastola, ndiyo. Winchester ya 1873 ya asili haikutengenezwa kwa .45 Colt hata siku moja. Ilikuja na .44-40, kisha .38-40, kisha .32-20. Ganda la .45 Colt la wakati ule lilikuwa na ukingo mwembamba mno, ndoano ya bunduki inayovuta ganda haikuwa na pa kushika. Maganda ya leo yamerekebishwa, kwa hiyo nakala ya .45 inatoa ganda vizuri. Tatizo lililobaki ni moshi. Ganda hilo limenyooka na ukuta wake ni mnene, na risasi zake za mashindano hupakiwa laini. Mgandamizo mdogo haulipanui ganda likabana kuta za chemba, tundu la mtutu linapokaa risasi, hivyo masizi yanarudi nyuma hadi kwenye mtambo na usoni kwako. Ganda la .44-40 lina shingo nyembamba kama karatasi. Linapanuka hata kwa mgandamizo mdogo, linaziba, na mtambo unabaki safi. Kwa anayetumia baruti nyeusi tofauti hiyo ni kubwa sana. Hasara yake ni kwamba shingo hiyohiyo hujikunja ovyo ukijipakia risasi mwenyewe kwa haraka, na maduka mengi hayaziweki. Anayetaka urahisi achukue .357, apige .38 ndani yake. Mimi nilichukua .44-40.

Tena usidanganywe kwamba chuma cha kisasa kinaifanya 1873 ivumilie chochote. Bolti inashikiliwa na viungo viwili vinavyonyooka kama goti, kimoja kila upande. Mpango huo ulibuniwa kwa risasi za nguvu ndogo, na chuma bora hakibadilishi umbo lake. Kikomo cha viwandani cha .44-40 ni 11,000 kwa kipimo cha pauni kwa inchi mraba, na cha .357 ni 35,000. Nakala za .357 zimepimwa kwa kikomo hicho, lakini ukizilisha hizo kila siku unavimaliza viungo.

Sasa risasi bandia, maana ndizo zilizoniokolea pesa. Ndani ya 1873 kuna kipande cha shaba chenye umbo la sanduku, kinachopokea risasi kutoka kwenye tyubu na kuipandisha wima hadi usawa wa chemba. Hakuna kizuizi kingine kinachoizuia risasi inayofuata: kinachoizuia ni urefu wa ile iliyotangulia. Iliyo ndani ya sanduku ikiwa fupi, inayofuata inaingiza ukingo wake sandukuni, na sanduku haliwezi kupanda. Ikiwa ndefu kupita kiasi, pua yake inabaki ndani ya tyubu na leva inagoma. Urefu wa juu wa .44-40 ni inchi 1.592. Rafiki anayejipakia risasi alinitengenezea bandia, zisizo na baruti wala fataki, katika urefu wa namna tatu: za 1.59, za 1.57, na nyingine fupi kidogo kuliko hizo.

Niliomba ruhusa kwa muuzaji, tukahakikisha pamoja kwamba chemba ni tupu, mdomo ukaelekea mahali salama. Halafu nikajaza tano za urefu mmoja na kuzungusha leva polepole, karibu isogee yenyewe. Polepole ndiyo siri. Ukiivuta kwa nguvu unaficha kasoro, kwa sababu sanduku lina ncha iliyochongwa mshazari inayoweza kuirudisha risasi ya pili nyuma kwa kishindo, nawe ukadhani kila kitu ni sawa. Nikivuta taratibu nilikuwa naisikia kwenye kiganja: bunduki moja ilipitisha ndefu zote, ikaganda kwenye fupi, leva ikasimama kabisa. Nyingine ilipitisha zote lakini mwisho wa safari haikurusha ganda, ililiacha limelala juu ya sanduku. Ile niliyoinunua ilipitisha aina zote tatu, polepole na haraka, na kila ganda liliruka wima. Nikazichanganya, fupi kwa ndefu, bado ikapita. Hapo muuzaji mwenyewe akaomba nimwachie bandia tano za kukagulia nyingine.

Jaribio la pili ni la rula, nimeliiba kwa maseremala. Mtutu wa pembe nane ukikazwa kidogo kuliko inavyotakiwa, au kupita kiasi, bapa zake hazilingani na fremu na kilengeo cha mbele kinaegemea upande. Macho matupu hayaoni kirahisi, na wapo wauzaji wanaokisogeza kilengeo kwenye mfereji wake ili kufidia. Nilisimamisha rula moja ikagusa ubavu wa fremu, nyingine ikagusa bapa la ubavuni la mtutu karibu na mdomo, nikafumba jicho moja na kutazama kutoka nyuma. Kingo mbili zikienda sambamba, mtutu umekaa. Zikifungua pembe, hata ndogo, rudisha kabatini. Kuurekebisha kunataka fundi wa bunduki kutoa tyubu na mbao kisha kuugeuza mtutu, na gharama yake inakula punguzo lolote ulilopewa.

Mengine yaliyobaki ni ya haraka. Fungua leva kidogo tu, bonyeza kifyatulio: kisisogee. Vuta nyundo hadi nusu ya safari yake, bonyeza tena: isishuke. Tazama mbao zinapokutana na mkia wa fremu. Mwanya upande mmoja tu maana yake kitako kimekazwa kikiwa kimepinda, na mlio wa kwanza unaweza kukipasua hapo. Vichwa vya skrubu vilivyotafunika vinakwambia kwamba kuna mtu ameshaingia ndani. Rangi ya fremu ichunguze kwenye kingo. Iliyopakwa kwa kemikali inafutika hapo kwanza, na hata ile iliyochomwa kwa mkaa wa mifupa hufifia ikiachwa juani. Kwa sahani ya kitako, ile iliyopinda kama mwezi mchanga ni ya kihistoria, lakini anayepiga kwa kasi atapendelea iliyonyooka. Mtutu wa inchi 20 unatosha kabisa kwa risasi kumi za mashindano, na hauchoshi mkono kama ule wa inchi 24.

Nilipokuwa natafuta, bei ilikuwa ikicheza kati ya dola elfu moja na mia kadhaa na elfu moja na mia sita au saba, kutegemea mti na rangi. Bunduki ya asili iliyo katika hali nzuri huenda maelfu mengi zaidi, na hutaki kuipigisha kila wiki.

Ukifika nayo nyumbani, ifungue na uisafishe kabla ya risasi ya kwanza. Mafuta ya kiwandani ni mazito, yanashika masizi na kuganda chini ya sanduku. Kaza upya skrubu zote baada ya risasi hamsini za mwanzo, hasa ile ya sahani za ubavuni na ya mkia wa fremu, kwa bisibisi yenye ncha inayojaa mfereji wote. Ile ya kawaida iliyochongwa kama kabari hupanda na kuutafuna mfereji.