Mpwa wangu kaja Pemba na ski za magurudumu

Nilikwenda kuwapokea bandarini Mkoani, dada yangu na mwanawe, wanaishi Norway upande wa Lillehammer pale palipochezwa Olimpiki za baridi za 1994. Dogo ana miaka 14, kazaliwa kule kule. Kashuka boti na begi refu jembamba, mchukuzi mmoja akanisogelea akaniuliza kwa sauti ya chini kama hiyo ni bunduki ya samaki. Nikamwambia sijui, na kweli sikujua.

Kumbe ni fimbo mbili na ski za magurudumu, ski ni yale mabapa watu wanayafunga miguuni kutelezea kwenye theluji, hizi zimewekwa magurudumu. Ski zenyewe fupi, hata mita hazifiki, gurudumu moja mbele moja nyuma, kiatu kinabanwa kwa mbele tu kisigino kinanyanyuka. Na hizi zake za mtindo wa klasiki zina gurudumu linalozunguka kwenda mbele tu, likitaka kurudi nyuma linakaza, ndo mana anaweza kujisukuma akapanda mlima bila ya kuserereka. Breki hazina. Hilo la breki dogo kalisema siku ya kwanza tena kwa kicheko, na mie nikacheka, tutarudi hapo.

Mie siku zote nilidhani klabu ya ski ni jambo la theluji, theluji ikiyayuka watu wanafunga mlango mpaka mwakani. Siyo kabisa. Wenyewe wana msemo kwamba bingwa wa ski anatengenezwa kiangazi. Kwa hiyo skuli zikifungwa mwezi wa sita klabu ndo kwanza inapamba moto, watoto wanakimbia, wanaendesha baskeli, wanaogelea, mara moja moja kwa wiki wanavaa magurudumu, na kocha kampa dogo programu kwenye simu aje nayo Pemba. Mama yangu alipoona anafunga vile vitu alfajiri barazani akaita nyumba nzima, "Njooni mumuone mume wangu kafungwa gari miguuni!"

Sasa Pemba kwa mazoezi ya aina hii Unguja haitufikii, mana hapa petu vilima havina mwisho. Zoezi lao moja wanapanda mlima na fimbo huku wanaruka ruka hatua ndefu, wanamuiga elg, mnyama wao wa mwituni mkubwa kuliko ng'ombe miguu mirefu kama ngazi. Nikampeleka kilima cha nyuma ya mtaa kwetu, kapanda mara sita, watoto wa mtaani nyuma yake na vijiti vya mpera wanaruka vile vile, mie nimekaa chini ya mwembe nahesabu. Jengine wanakimbia kwenye vinamasi, mguu unazama mpaka goti, unauchomoa, kaniuliza mjomba hapa kuna kinamasi? Nikamwambia ngoja maji yakupwe. Tope la mikoko lile, yakhe, dakika kumi na tano tu kiatu kimoja kimebaki humo, tukamtuma mtoto wa jirani akakifukua kwa mikono kama anatafuta chaza.

Lililonishangaza zaidi ni kwamba mazoezi mengi ni ya polepole. Kocha kasema ukikimbia mbio za masafa lazima uweze kuzungumza, ukishindwa kuzungumza umepitiliza. Sisi vikundi vyetu vya mazoezi vile vya Jumapili na nyimbo, kumbe tulikuwa sawa siku zote bila ya kujua, mtu anaimba na anakimbia.

Jioni barazani dogo akatoa jengine likazua mjadala mpaka isha. Ati kwao mtoto hatangaziwi nani wa kwanza nani wa mwisho mpaka mwaka anaotimiza miaka 11, wote wanateleza, na wakipewa zawadi basi wote. Mzee mmoja akasema huo ni udekezaji, mtoto asiyejua kushindwa hajui kushinda. Dogo akamjibu kwa Kiswahili chake cha kuchongoka, taratibu, kwamba Norway ina watu milioni tano na kitu na Olimpiki ya 2018 Pyeongchang walichukua medali 39. Mzee akanywa kahawa. Mie naona mzee hajakosea sana ila namba zile nzito.

Halafu kuna hii kitu wanaita dugnad, dada yangu anasema "dugnadi" kama ni neno la kwetu. Ni kazi ya pamoja isiyo na malipo, wazazi wanaitwa Jumamosi, wanafyeka vichaka kwenye njia za ski, wanatengeneza vidaraja vya mbao, wanabadilisha taa za njia, mana huko baridi ikija saa tisa mchana kiza kimeingia na watoto wanateleza kwa taa. Msimu ukikaribia wanaleta vifaa vilivyowabana watoto wao, ski viatu fimbo, wanabadilishana na kuuziana rahisi, huyu dogo ski mpya kabisa alikuja kupata mwaka jana tu. Na kuchangisha pesa za klabu wanauza maandazi yao yale bapa yenye viboksi, yanayookwa kwenye chuma, na wanapita nyumba kwa nyumba kuuza karatasi za chooni. Hapo mama akaangua kicheko, "Karatasi? Kwani maji hawana?" Dada akaeleza kwamba kila klabu huko inauza karatasi za chooni, stoo yake imejaa mpaka dari, mama hakusikia tena, alikuwa anafuta machozi na ncha ya kanga.

Lakini dada akaniambia jengine tulipobaki wawili. Alipohamia kule miaka miwili ya mwanzo hakuna jirani aliyemsemesha zaidi ya salamu, watu wa kimya sana. Mtu wa kwanza kumuuliza jina lake alimuuliza wakiwa wamebeba ubao mmoja, huyu huku yule kule, kwenye dugnadi. Mwaka uliofuata badala ya keki akapeleka mahamri ya iliki na sasa akikosa kuyapeleka anapigiwa simu.

Haya, turudi kwenye breki. Ni msimu wa karafuu, majamvi yametandikwa kandokando ya barabara, kipupwe, jua zuri. Dogo kapanda mlima vizuri mno, juu akageuka akateremka. Mie nipo chini na baskeli, namuona anakuja, anakuja kwa kasi, kajipanua miguu kama anavyofanya bata, na mbele kuku wanavuka. Akawakwepa kuku. Kwenye jamvi la jirani yetu karafuu za siku ya tatu zilizokwisha kuanza kukauka akaingia nazo zikaruka kama mvua, yeye kakaa kitako katikati, fimbo imelitoboa jamvi mahali patatu, ncha zake za chuma kigumu zile kama za kuchimbia.

Jirani katoka, mama mtu mzima, hakupiga kelele, bora angepiga. Kalinyanyua jamvi akatazama jua kupitia zile tundu tatu. "Jamvi la ukili hili mwanangu, si barabara." Dogo kawa mwekundu masikio yote. Tukaokota, watoto wa mtaa wote, moja moja kwenye vumbi, kupepeta, kutandaza upya. Dada akataka kulipa, jirani akakataa, akasema pesa sitaki, huyu aje usiku achambue.

Basi siku tatu mfululizo baada ya isha dogo yumo kwenye duara la wanawake na watoto, anafundishwa kukishika kishada, kukikandamiza kiganjani na kukisokota karafuu zidondoke makonyo yabaki mkononi. Siku ya kwanza bibi mmoja mwenye miaka sijui sabini alikuwa anamaliza pakacha yeye hajaona chini ya kapu lake. Siku ya pili dogo akaniomba simu awaoneshe video ya Philip Boit, yule Mkenya aliyeteleza ski Olimpiki ya Nagano 1998, kamaliza kilomita 10 wa 92, wa mwisho kabisa, na Bjørn Dæhlie wa Norway aliyeshinda kamsubiri dakika ishirini kwenye baridi amkumbatie. Boit baadae mwanawe kampa jina Dæhlie. Jirani akaitazama mara mbili, akauliza huyo wa mwisho alikula nini siku ile, hakuna aliyejua.

Usiku wa mwisho nikamchungulia dogo anajaza shajara ya mazoezi kwenye simu, kocha anaikagua kila Jumapili. Kaandika: kuchambua karafuu, masaa mawili, mapigo ya moyo ya chini, kuzungumza kunawezekana. Na mbele yake, pale panapotakiwa aina ya zoezi, kaweka dugnad.