Usiku wa kuhamisha hifadhidata ya vCenter

Jana usiku nimemaliza kuhamishia hifadhidata ya vCenter, programu ya VMware ya kusimamia mashine pepe (yetu bado ni toleo la zamani la Windows), kwenye seva mpya ya SQL Server, programu ya hifadhidata ya Microsoft, na bado macho mazito. Kuzima huduma, kuchukua bakapu, kuirejesha kule: hayo yalikwenda haraka. Mashine pepe zenyewe, yaani kompyuta za kiprogramu zinazoishi ndani ya seva, hazikutikisika, maana zinaendeshwa na ESXi, mfumo uliowekwa kwenye seva hizo. vCenter ikilala, zinaendelea na kazi.

Shughuli ilianza nilipowasha huduma. Inawaka sekunde chache, inazima. Mara ya tatu nikafungua logi: kuingia kumekataliwa. Bakapu ilimbeba mtumiaji wa ndani ya hifadhidata, lakini akaunti yake ya kuingilia ilibaki kwenye seva ya zamani. Nikaitengeneza upya, nikaiunganisha na mtumiaji wake, nikahakikisha DSN ya biti 64, yaani mipangilio inayoionyesha vCenter hifadhidata yake ilipo, inaelekea seva mpya. Saa nane na dakika kumi usiku orodha ya mashine ikajaa kwenye skrini. Nikashusha pumzi.

Wenzangu, msisahau zile kazi za SQL Server Agent, huduma ya kuendesha kazi kwa ratiba, zinazojumlisha takwimu za utendaji. Nazo hazisafiri na bakapu ya hifadhidata. Mimi nimeziunda upya asubuhi hii, kabla hata ya chai.