Dola 600 za Tetesi

Juzi mwenzangu wa zamu amenitumia tena ujumbe kwamba chuo chetu kinahamia Big 12, ligi ya michezo ya vyuo vikuu vya Marekani, jambo limekwisha, limebaki tangazo tu. Ni maneno yale yale aliyoniambia Agosti 2023, isipokuwa safari ile nilimwamini, na stakabadhi ya dola 600 ingali imebandikwa kwenye mlango wa friji langu.

Ninaishi Pullman, mji mdogo wa mashamba ya ngano mashariki mwa jimbo la Washington, penye Chuo Kikuu cha Washington State, alikosoma Mkenya Henry Rono alipovunja rekodi nne za dunia ndani ya siku 81 mwaka 1978. Siku ya mechi ya mpira wa Kimarekani mji hufurika, nami huuza sambusa karibu na uwanja. Ligi yetu ya Pac-12 ilipoanza kusambaratika, bwana huyo alinionyesha kwenye simu akaunti isiyo na jina la mtu wala picha, iliyoapa kwamba Big 12 imekwisha kutuchukua. Nikapiga hesabu ya wageni wa kutoka Texas na Kansas, kwenye vyuo vya ligi hiyo, nikatoa malipo ya awali ya kigari cha kupikia, fedha ambayo kwetu Muheza, Tanzania, ingemwezekea mama banda la ng'ombe na chenji ikabaki.

Hakuna aliyetuchukua. Tarehe 4 Agosti chuo cha Washington, ambacho si hiki chetu cha Washington State, na cha Oregon walikwenda ligi ya Big Ten, siku hiyo hiyo Arizona, Arizona State na Utah wakakimbilia Big 12, tarehe 1 Septemba Stanford na California wakapokewa na ligi ya ACC, na sisi tukabaki na Oregon State kama watoto waliosahauliwa kituoni basi limeondoka. Msimu wa 2024, badala ya vyuo vya Texas na Kansas, wakaja kucheza nasi San Jose State na Wyoming. Mwenye kigari hakurudisha hata senti.

Kinachoniudhi ni kwamba mimi nimekulia kwenye tetesi za usajili za Simba na Yanga, ambako kila Julai mshambuliaji huwa ameshatua uwanja wa ndege ilhali yuko kwao anakunywa chai. Habari za kweli hazikuja hivyo. Habari ya vyuo vya USC na UCLA kuihama Pac-12 ilitolewa tarehe 30 Juni 2022 na Jon Wilner, mwandishi anayejulikana kwa jina na gazeti lake, na siku haijaisha Big Ten ikaithibitisha. Julai 2021 gazeti la Houston Chronicle liliandika kwamba vyuo vya Texas na Oklahoma wamebisha hodi ligi ya SEC. Halikuandika kwamba wamekwisha kuingia, na umbali kati ya vitenzi hivyo viwili ndio ulionigharimu. Chuo cha Colorado walipoondoka Pac-12 Julai 2023 hakuhitajika hata mnong'ono, kwa kuwa vyuo vya umma hapa hubanwa na sheria kutangaza vikao vya bodi: tangazo likatolewa, wajumbe wakapiga kura 9 kwa 0. Akaunti niliyoiamini mimi haikutaja kikao, mkataba, wala hata cheo cha aliyeiambia. Ilitaja "vyanzo" tu, na wiki mbili baadaye ujumbe ukafutwa.

Sisemi kwamba mwenye chanzo hakosei. Asubuhi ya tarehe 4 Agosti hata waandishi makini waliandika kwamba vyuo vilivyobaki Pac-12 vinaelekea kutia saini mkataba wa kurusha mechi na kampuni ya Apple, na kufika jioni mkataba haukuwa na wa kuutia saini. Lakini waliandika "vinaelekea", na upepo ulipogeuka walieleza umegeuka vipi. Tena anayenong'oneza naye ana biashara yake: kiongozi wa chuo anayetaka mgawo mnono katika ligi yake hupenda isikike kwamba anaposwa kwingine.

Nanyi vijana mnaotaka kuja huku kwa ufadhili wa riadha, wakala akikwambia kwamba chuo fulani kinahamia ligi tajiri na nafasi zitaongezeka, kwa hiyo ulipe ada yake kabla ya mwisho wa mwezi, mwombe barua ya kocha, kisha tafuta anwani ya kocha huyo kwenye tovuti ya chuo umwandikie wewe mwenyewe. Mpwa wangu aliniuliza jambo hilo hilo mwezi uliopita, nikamjibu kwa ukali asioustahili; hakujua habari za friji.

Huyu wa juzi nilimjibu kwa maswali mawili: nani amesema, na bodi inakaa lini? Akanitumia picha ya akaunti ile ile, safari hii ina jina jipya.