4,294,967,297: namba inayojifanya tasa

Ukiitazama juu juu utasema ni tasa. Ni witiri, haiishii na 5, na tarakimu zake zikijumlishwa zinafika 59, kwa hiyo 3 haiingii. Jaribu 7, 11, 13 na kuendelea: kwa muda mrefu kila moja inaacha baki. Hata Pierre de Fermat, mwanahisabati Mfaransa wa karne ya 17, aliamini ni tasa kama ndugu zake wadogo 3, 5, 17, 257 na 65,537 (yaani 2, 4, 16, 256 na 65,536 ukiongeza 1). Mwaka 1732 mwanahisabati Leonhard Euler akaivua nguo:

641 × 6,700,417 = 4,294,967,297

Kujaribu namba tasa zote hadi kipeuo cha pili, yaani 65,536 na ushei, ni kujitesa bure. Namba yetu ni 2^32 + 1 (2^32 ni 2 thelathini na mbili zikizidishwa pamoja), na kigawo chake tasa lazima kiwe kigawe cha 128 ukiongeza 1. (Euler alikuwa na 64, mwanahisabati Édouard Lucas ndiye aliyeikaza baadaye kuwa 128.) Orodha inaanza 129, 257, 385, 513, 641. Tupa 129 na 513 kwa sababu ya 3, tupa 385 kwa sababu ya 5. 257 inaacha baki 2. Inayofuata ni 641, na kazi imekwisha.

Unaweza kuhakikisha hata bila kugawanya. 641 ni 5 × 2^7 + 1, kwa hiyo ukihesabu baki tu za kugawanya kwa 641, 5 × 2^7 ni sawa na −1 (imepungua 1 tu ili igawanyike). Ipandishe kipeo cha 4: 5^4 × 2^28 ni sawa na 1. Lakini 641 ni pia 5^4 + 2^4, basi 5^4 ni sawa na −2^4. Badilisha, utapata −2^32 ni sawa na 1. Ongeza 2^32 pande zote mbili: 2^32 + 1 haina baki.

Je, 6,700,417 nayo ni tasa? Sheria ya 128 bado inatawala, na kipeuo chake hakifiki 2,589. 257 imeshatoka, kwa hiyo namba tasa za kujaribu ni 641, 769, 1,153 na 1,409 tu; baki zake ni 44, 120, 334 na 622. Ni tasa.

Wanaopima kwa kompyuta huteleza hapa. Kwenye biti 32 (nafasi 32 za 0 au 1) namba hii haienei, inageuka kuwa 1. Kipimo cha Fermat kwa 2 (anza na 2, izidishe kwa yenyewe, chukua baki ya kugawanya kwa namba yetu, rudia; ikiwa ni tasa utaishia na 1) nacho kinadanganywa: ukizidisha baki kwa yenyewe mara kwa mara unapata 4, 16, 256, 65,536, 4,294,967,296, kisha 1 hadi mwisho, kana kwamba ni tasa. Na kama unatumia biti 64 zisizo na alama (yaani bila namba hasi), hiyo 4,294,967,296 ikizidishwa kwa yenyewe ni 2^64 kamili, inayogeuka 0. Tumia 3 badala ya 2, na biti 128 wakati wa kuzidisha. Baada ya kuzidisha hivyo mara 31, namba yetu ingekuwa tasa ingetoa 4,294,967,296. Lakini inatoa 10,324,303, kwa hiyo si tasa.