Hedhi ya siku kumi: jinsi nilivyopata chanzo

Nilishtuka siku niliposhuka matatu pale Kencom, katikati ya Nairobi, nikiwa nimejifunga sweta kiunoni, tena juani. Pedi niliyobadilisha kabla ya kutoka Umoja ilikuwa imelowa chapachapa, na hata saa mbili hazijaisha.

Kwa miezi mitano hedhi ilikuwa ikinikaa siku tisa, kumi, na mabonge ya damu makubwa kuliko sarafu ya shilingi ishirini. Shangazi alisema ni umri. Nina miaka 36! Ngazi za ghorofa ya tatu zilinimaliza pumzi, na nikawa natafuna barafu kama karanga. Kumbe hamu ya barafu nayo huweza kuwa dalili ya upungufu wa madini ya chuma.

Kilichonisaidia ni daftari. Niliandika tarehe ya kuanza, ya kumaliza, na pedi ngapi kwa siku. Daktari alilisoma kabla hajaniuliza lolote. Kwa kawaida, alisema, mzunguko ni siku 21 hadi 35 na damu haizidi siku 7. Akapima ujauzito kwanza, kisha damu: hemoglobini (sehemu ya damu inayobeba oksijeni) gramu 8.4 kwa desilita, wakati mwanamke asiye mjamzito anatakiwa awe na angalau 12. Ultrasaundi ikaonyesha uvimbe kwenye kizazi, faibroidi, ambao mara nyingi sana si saratani.

Nilipewa vidonge vya kupunguza damu, vya siku za hedhi tu, na vya madini ya chuma, nisivimeze na chai (hapo ndipo palipokuwa pagumu). Mwezi wa tatu wa matibabu, hedhi ilikuwa siku sita. Uvimbe bado upo. Novemba narudi kupigwa picha tena.