Waliniambia nikaze moyo, kumbe ni kidonge

Gereza la Segerea nimeingia mara tatu. Mbili wizi, moja uzembe na uzururaji, na huo uzururaji nilikamatwa nimekaa zangu juu ya jiwe. Tangu nitoke mara ya tatu ni mwaka wa sita huu, na wanaonijua wanadhani nina siri.

Kila nilipotoka ushauri wa kuacha unga, yaani heroini, ulikuwa mmoja tu: kaza moyo. Mara ya pili nikaukaza kwelikweli. Shangazi akanifuata, "Mwanangu, Dar ndiyo inayokuharibu," tukaenda zetu Muheza. Arosto, yale maumivu ya kukosa unga, ilishaniisha gerezani, kilichobaki kichwa. Usingizi hakuna, mawazo yanakimbizana. Usiku mmoja saa tisa nikatoka na jembe kupalilia mihogo kwa mbalamwezi, huku naimba. Asubuhi shangazi akakuta nimeng'oa mihogo, magugu nimeyaacha yamesimama vizuri kabisa. Wakasema pepo. Mganga akataka kuku mweusi, akatafutwa mtaa mzima, akafungwa miguu jikoni kusubiri Ijumaa. Alhamisi alfajiri nikamkwapua, nikamfunika kwa khanga kama mtoto mchanga mpaka stendi. Mnunuzi alinipunja, hela haikufika hata nusu ya nauli, kondakta akanihurumia. Jioni hiyohiyo nilikuwa Manzese nanunua kete ya unga.

Bahati yangu hela iliishia kwenye kete moja. Mwenzangu, tuliyelala godoro moja gerezani, wiki ileile alipewa ofa ya kipimo chake cha zamani. Mwili uliokaa miezi bila unga umeshausahau, kipimo kile sasa ni sumu. Tulimkuta asubuhi ameegemea ukuta wa choo kama anayesinzia. Kandambili moja ilikuwa imemvuka.

Muhimbili walianza kutoa methadoni, dawa ya kunywa inayoshika nafasi ya unga, mwaka 2011, bure, nami miaka yote nilikuwa naisema kuwa ni dawa ya mateja walioshindwa. Mara ya tatu nikakubali kwamba nimeshindwa. Nikajiandikisha kituo cha karibu na kwetu, dozi unainywa kila siku mbele ya sista, na ukikosa siku kadhaa mfululizo wanakushusha dozi. Kwa ajili ya kichwa nikaanza kliniki ya akili, hospitali nyingine, wakanipa vidonge.

Usingizi ukarudi, lakini ikifika saa kumi jioni miayo, makamasi, mifupa kama inatwangwa. Kila mtu akajua nimerudia. Mkojo ukapimwa, safi, bado wananitazama kwa jicho la pembeni. Nyumbani wimbo uleule, kaza moyo. Nilibakiza kama siku mbili nirudi maskani kwenye unga, na hela ningeitafuta nilivyozoea kuitafuta.

Siku hiyo nafungua pindo la khanga pale dirishani nichukue kadi, pakiti ya vidonge ikaanguka. Daktari akaiokota.

"Hii umeanza lini?"

"Mwezi uliopita."

"Na hukutuambia?"

"Hamkuniuliza, dokta."

Ilikuwa kabamazepini, kile kidonge cha kliniki ya akili. Inalifanya ini liichome methadoni haraka, jioni imeshakwisha mwilini. Rifampisini ya TB nayo ni hivyohivyo, na TB gerezani si ngeni. Wakapigiana simu, nikabadilishiwa kidonge, dozi ikarekebishwa, na baada ya muda jioni zangu zikatulia. Tangu hapo sendi popote bila pakiti zangu zote, hata za maumivu ya kichwa ya kawaida, nazimwaga mezani kama muuza karanga. Ila usiache kidonge kwa kujiamulia. Mimi niliacha siku nne, nikaanza tena kufagia uwanja wa jirani usiku wa manane.

Ulibaki mtihani wa njiani, maana kwenda kituoni napita maskani mawili. Nikamwomba mama mmoja muuza vitumbua nimbebee ndoo yake kichwani. Mwenye ndoo hakai kijiweni, wateja wanamwita, na vitumbua vimehesabiwa. Hela nikishika tu namrushia kwenye simu kabla haijapata moto, nabaki na nauli, kama elfu na kidogo. Walioniona asubuhi walicheka kwamba bado nauza unga. Ndiyo, wa mchele.

Mwezi wa nne wa vitumbua nikamtumia shangazi hela ya kuku. Akajibu kwamba haitoshi, yule alikuwa mtetea na alikuwa anataga.