Urea ya alizeti: fukia, usimwage

Mfuko wa kilo 50 wa mbolea ya urea una kilo 23 tu za naitrojeni, kirutubisho kinachokuza mmea. Kwenye ekari ya alizeti iliyopandwa sentimita 75 kwa 30, mfuko huo ni takriban gramu 3 kwa shina, yaani nusu kizibo cha soda na ushee. Weka baada ya palizi, kabla vitumba havijachomoza, udongo ukiwa na unyevu. Chimba kishimo cha sentimita 5, kiganja kimoja kutoka kwenye shina, kisha fukia. Ukiimwaga juu na jua la Singida likawaka, sehemu yake hugeuka gesi ya amonia na kupeperuka. Harufu ile kali ni pesa yako. Ukizidisha, majani yatapendeza kweli, ila mashina hulala na mbegu hupungua mafuta.